Mfalme Aliyemlipa Adui Haki Yake

Kila mwaka, tarehe 25 Agosti, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Ludoviko, Mfalme wa Ufaransa, ambaye watu wa nchi yake humwita Louis wa Tisa. Wengi wetu twamjua kwa sanamu tu: mfalme mwenye taji kichwani, naye ameshika taji ya miiba ya Bwana wetu. Wengine twajua ya kuwa alikwenda katika Vita vya Msalaba. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa vita hivyo vilimshinda mara mbili, na ya kuwa tendo lake tulionalo sisi kuwa kubwa kuliko yote lilitendeka penye mizani ya kupimia fedha. Tendo hilo ndilo tutakalo kulisimulia leo.

Ludoviko alizaliwa Poissy, karibu na Paris, mwaka 1214. Baba yake alipofariki mwaka 1226, alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Alitiwa taji katika mji wa Reims, na mama yake, Blanche wa Castile, akashika mambo ya utawala mpaka kijana alipokomaa. Mama huyo alikuwa na akili na moyo thabiti, akawatuliza wakuu waliodhani ya kuwa ufalme wa mjane na mtoto ni mawindo mepesi. Ndiye aliyemlea mwanawe katika sala na katika kuichukia dhambi. Mwaka 1234 Ludoviko alimwoa Margaret wa Provence, wakajaliwa watoto 11.

Siku zile Vita vya Msalaba vilikuwa vimekwisha dumu zaidi ya karne moja. Yerusalemu ilitwaliwa na Wakristo mwaka 1099, tena kwa mauaji ya Waislamu na Wayahudi ambayo hata leo yatutia haya. Mwaka 1187 Sultani Salahuddin aliitwaa. Mwaka 1229 Wakristo walirudishiwa kwa mapatano, bila vita. Na mwaka 1244 ikawapotea tena. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Ludoviko aliugua, hata waliomwuguza wakadhani amekwisha kukata roho. Alipopata nafuu aliomba apewe msalaba wa wasafiri wa vita. Mama yake, aliyekuwa akishangilia kupona kwake, alilia kana kwamba amemwona maiti.

Kabla ya kuondoka, mfalme alifanya jambo ambalo wakuu wengine hawakulifikiri. Mwaka 1247 aliwatuma watu mikoani, wengi wao watawa Wafransisko na Wadominiko, wasikilize malalamiko ya raia juu ya watumishi wa serikali yake, ili aliyedhulumiwa arudishiwe mali yake. Hakutaka kwenda kulipigania kaburi la Bwana huku nyuma yake mjane analilia shamba lililonyang'anywa kwa jina la mfalme.

Mwaka 1248 alipanda merikebu Aigues-Mortes pamoja na malkia. Baada ya kukaa Kupro majira ya baridi, alishuka Misri mwezi wa Juni 1249, akautwaa mji wa Damietta, karibu na mlango wa mto Nili, bila shida kubwa. Lakini furaha hiyo haikudumu. Tarehe 8 Februari 1250, Robert, ndugu yake mfalme, hakungoja amri. Aliingia mbio na wapanda farasi wake katika mji wa Mansura, na vichochoro vya mji vikawa mtego. Aliuawa yeye na karibu wote walioandamana naye. Kisha yakaja maradhi: ufizi wa askari ulioza, na kuhara damu kukawamaliza. Mfalme mwenyewe alidhoofika hata hakuweza kusimama. Alisihiwa apande mashua akimbilie Damietta, naye akakataa kuwaacha watu wake. Mwezi wa Aprili alikamatwa pamoja na jeshi lake.

Habari hiyo ilimfikia malkia Damietta akiwa karibu kujifungua. Baada ya siku chache alimzaa mtoto mwanamume, Jean Tristan. Wafanya biashara wa Italia walitaka kukimbia kwa kuogopa njaa. Malkia akawaita kando ya kitanda chake, akawasihi wakae, akanunua chakula cha mji kwa gharama ya mfalme. Kama si mama huyu, mji ungalipotea, na mfalme asingalikuwa na kitu cha kujikombolea.

Mapatano yalikuwa haya: mji wa Damietta urudishwe kwa ajili ya mfalme, na livre 400,000 zilipwe kwa ajili ya watu wake, nusu yake ilipwe kabla hajaondoka. Kabla ya malipo hayo, sultani aliyepatana naye aliuawa na askari wake mwenyewe. Hata hivyo mapatano yalithibitishwa. Alphonse, ndugu mwingine wa mfalme, aliwekwa rehani mpaka fedha itimie, nayo ikapimwa kwa mizani muda wa siku mbili. Ndipo mtu mmoja akajisifu mbele ya mfalme ya kuwa katika kupima wamewapunja Waislamu livre 10,000. Mfalme alighadhibika sana. Aliamuru zilipwe zote, pasipungue hata moja.

Na tufikiri kidogo. Waliopunjwa walikuwa adui zake katika vita, watu wa dini nyingine, waliomwua ndugu yake na kumtia kifungoni. Hakuna hakimu ambaye angalimshtaki. Lakini alikuwa ametoa ahadi, na kwake ahadi haikupungua uzito kwa sababu aliyepewa si Mkristo.

Ludoviko alikaa Palestina miaka minne. Huko Sidon aliibeba kwa mikono yake miili iliyooza ya Wakristo waliouawa, apate kuizika. Aliporudi kwao mwaka 1254 alikuwa mtu mwingine, kwa maana aliamini ya kuwa kushindwa kwake kulitokana na dhambi zake. Mwaka huohuo alitoa sheria ya kuwakataza watumishi wake kupokea zawadi na kucheza kamari, tena wakimaliza kazi wasiondoke mara moja, bali wangoje kwanza wajibu malalamiko ya raia. Bwana mkubwa, Enguerrand wa Coucy, alipowanyonga vijana watatu waliokamatwa katika msitu wake, mfalme alimtia gerezani na kumtoza faini kubwa, ingawa wakuu wenzake walinung'unika. Vipofu 300 wa Paris aliwajengea nyumba.

Lakini haifai tumsifu kwa kuficha makosa yake. Mwaka 1242, katika utawala wake, vitabu vitakatifu vya Wayahudi vilichomwa moto Paris kwa magari mazima, na mwaka 1269 aliwalazimisha Wayahudi wavae alama nguoni. Aliyeona vema penye mizani hakuona vema hapo. Mwaka 1270 alisafiri tena kwa vita, akashuka Tunis. Kuhara damu kulimwua kwanza Jean Tristan, yule aliyezaliwa Damietta, kisha mfalme mwenyewe, tarehe 25 Agosti. Papa Bonifasi wa Nane alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1297.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulitusihi tuyasahau mafarakano ya zamani kati yetu na Waislamu, tujitahidi kuelewana. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya Wakristo waliotumia nguvu wakidhani wanaitetea kweli. Upanga wa Ludoviko hautufai kitu. Mizani yake twaihitaji kila siku, dukani, shambani na ofisini. Baba na mama wa Kikristo, waelezeni watoto wenu habari hii jioni ya leo, na kesho wawaone mkimlipa jirani Mwislamu haki yake yote, hata pale ambapo yeye mwenyewe hakuhesabu.