Osa Johnson: Mwanamke aliyejenga sinema ya nyika kivulini mwa mumewe

WATAZAMAJI wengi wa filamu za wanyama wa porini hawamjui mwanamke aliyesaidia kuweka msingi wa sanaa hiyo katika ardhi ya Kenya. Huyo ni Osa Johnson, Mmarekani aliyefariki mwaka 1953, ambaye kwa muda mrefu alitajwa baada ya mumewe, Martin, kana kwamba alikuwa msindikizaji tu.

Osa Helen Leighty alizaliwa Machi 14, 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas, babake akiwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 16, aliolewa na Martin Johnson, kijana aliyekuwa ametoka safari ya baharini pamoja na mwandishi Jack London.

Wawili hao walizunguka miji ya Marekani, Martin akionyesha picha za safari hiyo naye Osa akiimba nyimbo za Hawaii jukwaani. Kutokana na mapato hayo walisafiri mwaka 1917 hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu, na picha walizopiga huko zikawafungulia milango ya kumbi za sinema.

Walifika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Wakati huo aghalabu kamera ya sinema ilizungushwa kwa mkono juu ya miguu mitatu, na ili kumnasa kifaru au ndovu ipasavyo, mpiga picha alilazimika kumsogelea mno. Aliyeizungusha hakuweza kushika bunduki wala kukimbia.

Kazi ya kusimama kando yake, bunduki begani, akipima ni lini mnyama anatisha tu na ni lini ameazimia kuua, ilikuwa ya Osa. Angefyatua mapema, picha ingeharibika na mnyama angekufa bure. Angechelewa, mumewe angepoteza maisha. Picha nyingi zilizowasisimua watazamaji zilitegemea uamuzi huo wa nukta chache.

Filamu yao ya kwanza kutoka Afrika, Trailing Wild African Animals, ilitoka mwaka 1923. Mwaka uliofuata walirejea kwa mradi mkubwa zaidi, wakiungwa mkono na Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya Marekani jijini New York na tajiri wa kampuni ya Kodak, George Eastman.

Safari hii waliweka makazi Marsabit, kando ya ziwa lililo katika shimo la volkeno ambalo walilitangaza duniani kwa jina la Paradise. Anayeelekea huko leo kutoka Nairobi hupita Ruiru, akaiacha mitaa ya Kimbo, kisha Thika, na bado humngoja zaidi ya kilomita 400 za safari. Katika miaka hiyo ya ishirini, kila kibweta cha filamu, dawa za kusafishia picha na magunia ya chakula vilipaswa kufikishwa kileleni mwa mlima huo wa kaskazini.

Hadi mwaka 1927, Osa alikuwa mhimili wa kambi hiyo. Alilima bustani ya mboga, akasimamia akiba na mapishi, akawinda nyama ya kitoweo, na bado alitoka na mumewe kuvizia wanyama kwenye maji. Leo mtu wa kazi kama hiyo huandikwa kwenye orodha ya watayarishaji wa filamu. Enzi hizo matangazo yalisema tu kwamba filamu ni ya Bwana na Bibi Martin Johnson. Hata jina lake la kwanza lilimezwa.

Matunda ya miaka hiyo yalionekana katika filamu Simba ya mwaka 1928. Baadaye walielekea msitu wa Ituri nchini Kongo, wakarudi na Congorilla ya mwaka 1932, mojawapo ya filamu za mwanzo zenye sauti zilizorekodiwa Afrika. Kisha wote wawili wakajifunza urubani, na kati ya 1933 na 1934 wakapiga picha kutoka angani kwa ndege mbili, moja iliyopakwa milia ya punda milia na nyingine madoa ya twiga. Picha za safari hiyo zilitumiwa katika filamu Baboona ya mwaka 1935.

Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka California. Martin alifariki na Osa akajeruhiwa vibaya. Wengi wangedhani kwamba kazi yao imezikwa pamoja na mume. Hata hivyo, Osa aliendelea na mihadhara iliyokuwa imepangwa, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mwaka huo huo akarudi Afrika Mashariki kuwa mshauri wa upigaji picha za filamu Stanley and Livingstone.

Mwaka 1940 kitabu chake cha maisha yao, I Married Adventure, kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa zaidi Marekani, na filamu ya jina hilo ikatoka mwaka huo, mwenyewe akionekana ndani yake. Mwaka 1952 picha zake zilihamia kwenye televisheni katika mojawapo ya vipindi vya mwanzo vya mfululizo kuhusu wanyama wa porini. Alifariki jijini New York Januari 7, 1953, akiwa na umri wa miaka 58.

Sifa hizo haziwezi kufuta doa lililomo katika filamu zenyewe. Waafrika walifanywa kichekesho ndani yake. Katika Congorilla, Wambuti wa Ituri walipewa sigara kubwa wavute ili watazamaji wa ng'ambo wacheke. Wapagazi, wapishi na wafuatiliaji wa nyayo, ambao bila wao hakuna picha ambayo ingepatikana, hawakupewa heshima ya wasanii wala ya wafanyakazi wenza. Boculy, aliyewaongoza kwa ndovu wa Marsabit, anakumbukwa kwa jina hilo moja tu.

Hapo ndipo maisha ya Osa yanapowahusu Wakenya. Aliyenyimwa stahili yake na desturi za wakati wake naye alinufaika na desturi zilizowanyima wengine stahili yao. Hoja inayomrudishia heshima, kwamba filamu ni kazi ya mikono mingi na kila mkono utajwe, ndiyo inayomshtaki.

Ilipita miongo kadhaa kabla ya Mkenya mwanamke kuongoza filamu ndefu juu ya nchi yake mwenyewe. Anne Mungai alitoa Saikati mwaka 1992, kisa cha msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alifika tamasha la Cannes na Rafiki, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi huko, ingawa nyumbani ilipigwa marufuku.

Osa Johnson anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wa sinema iliyopigwa Kenya, kwa ushupavu wake na kwa kazi aliyoifanya bila kutajwa. Katika hesabu hiyo hiyo kuna nafasi ya Boculy, na ya wanaume na wanawake wa Marsabit na Ituri walioonekana kwenye picha zake bila majina yao kuandikwa.