John Wesley: kipato kilipanda, matumizi yakabaki palepale

Mazao yakishauzwa na pesa ikaingia kwenye simu, swali la kwanza nyumbani huwa ni hili: tuongeze nini? Bati jipya, godoro, au pikipiki? Leo, wasikilizaji wetu, tunawaletea maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa namna yake, karibu miaka 300 iliyopita.

Huyu ni John Wesley, kasisi wa Uingereza ambaye mahubiri yake yalizaa Kanisa la Methodisti. Wamishonari wa Kimethodisti walifika pwani yetu mwaka 1862, wakaanzisha kituo Ribe, karibu na Mombasa.

Wesley alizaliwa Juni 1703 katika mji mdogo wa Epworth. Baba yake, Samuel, alikuwa mchungaji wa parokia. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wangali wachanga. Pesa haikutosha nyumbani. Mwaka 1705 baba alifungwa jela mjini Lincoln kwa sababu ya deni, John akiwa na miaka 2 tu. Kwa hiyo mtu tunayemzungumzia aliijua shida tangu utotoni.

Alisoma Oxford, akawa mwalimu hukohuko. Siku moja ya baridi kali alikutana na msichana mtumishi aliyevaa gauni jepesi. Wesley akatia mkono mfukoni ili ampe pesa ya kununua nguo nzito, akakuta zimebaki kidogo mno, kwa sababu alikuwa ametoka kununua picha za kupamba chumba chake. Jambo hilo lilimchoma. Alijiona kama mtu aliyezivisha kuta huku binadamu mwenzake akitetemeka.

Uzeeni, katika mahubiri yake, alieleza hesabu ya kijana mmoja wa Oxford, na wengi wanaamini kijana huyo ni yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akatumia 28, akatoa 2. Mwaka wa pili kipato kikawa pauni 60. Akatumia 28 zilezile, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Mwaka wa nne alipata 120, akatoa 92.

Makanisani huku kwetu jambo hili tunaliita uwakili. Wakili hapa si yule wa mahakamani. Ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine, naye atatoa hesabu. Wesley alifundisha mambo matatu: chuma kwa bidii bila kuharibu afya yako wala kumdhuru jirani, usifuje ulichopata, kisha toa. Utaratibu wake wa kutoa ulikuwa wazi. Kwanza hakikisha wewe na watu wa nyumbani mwako mmepata mahitaji ya lazima. Kisha wafikie ndugu wa imani, halafu kila mwenye shida. Hakumwambia mtu yeyote awaache watoto wake na njaa.

Wala kutoa kwake hakukuwa sadaka ya mkononi tu. Mwaka 1746, jijini London, alianzisha mfuko wa mikopo kwa maskini. Tungeuona leo tungesema unafanana na kikoba. Mchango wa kwanza ulikuwa pauni 30 na shilingi 16. Mtu alikopeshwa shilingi 20 tu kwa wakati mmoja, sawa na pauni moja, akarejesha kidogo kidogo kila wiki ndani ya miezi mitatu. Pesa ilizunguka. Katika miezi 18 mfuko huo mdogo uliwasaidia watu 255.

Vitabu vyake vya bei nafuu vilinunuliwa sana, akajikuta na pesa ambayo hakuitarajia. Hiyo nayo akaigawa. Mwaka 1776 serikali ilipotaka kujua vyombo vyake vya fedha ili avilipie kodi, alijibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, na kwamba hatanunua vingine wakati watu wanaomzunguka wanakosa mkate. Januari 1785, akiwa na miaka 81, alitembea siku nne mitaani London, miguu ikizama kwenye theluji inayoyeyuka, akiwaombea maskini pesa za nguo. Akapata pauni 200, na ugonjwa juu yake.

Hata hivyo alikuwa na huzuni. Aliona wafuasi wake wakichapa kazi na kuweka akiba vizuri, lakini walipopata mali wakaacha kutoa. Aliwaonya mara nyingi hadi uzeeni, na wengi hawakumsikia.

Alifariki London tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87. Katika wosia wake alikataza gari la maiti. Aliagiza jeneza libebwe na maskini sita, kila mmoja alipwe shilingi 20. Hata mazishi yake yaliwapatia watu sita riziki.

Wengi wetu hatuna pauni 92 za kugawa. Lakini msimu ukiwa mzuri, kila nyumba inaweza kukaa chini kabla pesa haijatawanyika, ikapanga: hapa ndipo mahitaji yetu yanaishia, na kinachozidi kina mtu anayekisubiri.