Hindorf na miche 62 ya Pangani

Ukiteremka kutoka Kabazi, kule Subukia, ukapita Solai kuelekea Mogotio, utakuta mmea ambao sisi wa Pwani tunaujua tangu Vipingo hadi Tanga: mkonge. Si wa bara wala si wa kwetu. Asili yake ni Mexico, na aliyeuleta upande huu ni Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf.

Alizaliwa mwaka 1863 Ruhrort, mji wa bandari kando ya mto Rhine. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, akaajiriwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile ile aliyoipiga vita Bushiri bin Salim mpaka akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wengi wanaomsifu Hindorf hulipita jambo hili haraka. Zao lake lilipandwa kwenye pwani iliyokuwa imetulizwa kwa bunduki.

Kampuni ilitaka zao la kuvumilia jua na ardhi kavu. Hindorf alisoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza. Wamexico walikuwa wakiilinda miche yao isitoke, kwa hiyo akaagiza Florida, kupitia mfanyabiashara wa Hamburg, miche 1,000. Ilipofika Hamburg, iliyo hai ilikuwa 200. Iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kwa kuwa kila mlingoti hutoa vichipukizi kwa mamia kabla mmea haujafa, ikaongezeka upesi. Kufikia 1913 koloni lilikuwa likisafirisha takriban tani 20,000 za nyuzi kwa mwaka. Mkonge ulikwisha kuvuka mpaka na kuingia Kenya, na baadaye ukafika hata Bonde la Ufa.

Kazi haikuwa ya Hindorf. Kilo 100 za majani hutoa kilo tatu hadi tano tu za nyuzi. Yote mengine ni maji na makapi. Majani hayo yenye miiba yalikatwa kwa mkono na kubebwa mpaka korona, na waliokata ni manamba walioletwa kutoka mbali. Hindorf ameitwa baba wa mkonge. Manamba waliitwa kwa namba.

Unyuzi wenyewe ni selulosi: jani huchukua sukari iliyotengenezwa kwa jua na kuiunganisha chembe kwa chembe, maelfu, kuwa mnyororo mrefu. Lignini huukaza, ndiyo maana kamba ya mkonge ni ngumu mkononi.

Hindorf alifariki Berlin mwezi Mei 1954, akiwa na miaka 90. Miezi miwili tu kabla ya hapo, huko Milan, Giulio Natta alikuwa amefaulu kuunda polipropilini. Nayo ni mnyororo mrefu, lakini chembe zake ni za gesi itokayo kwenye mafuta ya petroli. Kamba yake ni nyepesi, huelea, haiozi majini, na ni rahisi. Sidhani kama Hindorf alipata kuisikia.

Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa 1967 peke yake, nami sikubaliani nao: bei ilikuwa imeanza kuporomoka kabla, na kamba ya plastiki ndiyo iliyoimalizia.

Leo mahindi ya Nakuru husafiri ndani ya magunia ya polipropilini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi Agosti 2017, lakini magunia na kamba havikuguswa. Kamba ya mkonge ikikatika, vijidudu vya udongo huila ikaisha. Ile nyingine jua huipasua ikawa vinyuzi vidogo vidogo, na vinyuzi hivyo hubaki shambani Kabazi, au hubebwa na mto.