Siti binti Saad na waya wa laki na nusu

Hosteli kwetu kuna ubishi ambao haujaisha tangu muhula wa kwanza, na ubishi wenyewe ni wa waya. Sisemi waya wa hita ya kuchemshia maji kinyemela, ule tulishanyang'anywa. Nasema waya wa hedifoni, zile ndogo za kuchomeka sikioni ambazo waya wake unachomoka, kwa hiyo unaweza kuuweka kando uliokuja nao ukanunua mwingine wa bei mbaya. Wapo wanaoapa kwamba waya wa shaba tupu unaleta besi nzito, na uliopakwa fedha unafungua sauti za juu mpaka unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Wapo wanaosema wote ni utapeli. Mimi nilikuwa kundi la kwanza. Bumu lilipoingia nikatoa laki moja na nusu, nikanunua waya uliosukwa kama nywele za bi harusi. Mwezi ule niliumaliza kwa mihogo.

Likizo nikaenda nao kwa bibi, Fukayosi. Usiyepajua: unatoka Bagamoyo unashika barabara ya Msata, unapita Makofia, na kabla hujafika kwenye mananasi ya Kiwangwa umeshafika. Usiku wa kule ni kimya kweli kweli, hakuna jenereta wala singeli ya jirani. Nikasema hapa ndipo pa kupima waya. Na kwa kuwa nilikuwa nadaiwa insha ya darasa juu ya Siti binti Saad, nikaamua kupimia kwa nyimbo zake za zamani, nimalize kazi mbili kwa mpigo. Bibi akauliza nasikiliza nini, nikampa upande mmoja. Alikaa nao muda mrefu, kisha akataka kujua huyo mama ni wa wapi. Nikamwambia ni wa Unguja, ila mama yake alikuwa Mzigua. Bibi ni Mzigua. Tangu hapo nilikuwa nadaiwa insha mbili, moja ya mwalimu na nyingine ya bibi, na ya bibi ndiyo ilinitoa jasho.

Siti alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi. Kwa asili, basi, alikuwa mtoto wa bara pande zote mbili, katika kisiwa ambacho heshima ya mtu ilipimwa kwa ukoo wake na umbali wake na utumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897, Siti akiwa tayari msichana mkubwa. Jina alilopewa utotoni linaeleza yote: aliitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina lililokuja baadaye, watu walipokwisha kumsikia.

Kwao walikuwa wafinyanzi. Alijifunza kufinyanga kwa mama yake, na vyungu vikishachomwa na kupoa alivipanga kichwani akatembea kwenda mjini kuviuza. Ni zaidi ya kilomita 15, kwa miguu, na mzigo wenyewe ukiteleza mara moja umevunja mtaji wa wiki. Muuza vyungu hana budi kunadi, na ndipo sauti yake ilipoanza kujulikana. Inasimuliwa kwamba wanunuzi walimtambua kabla hawajamwona, maana sauti ilitangulia na mwenye vyungu akafuata nyuma. Mimi napenda kuamini kwamba kifua chake kilikomaa kwenye njia ile ya Fumba. Hakuwa na mwalimu wa muziki wala kinanda. Alikuwa na barabara, jua, na haja ya kusikika mpaka ndani ya uani.

Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Taarabu ilikuwepo tayari, ila haikuwa ya watu kama yeye. Ilikuja kwa mlango wa ikulu: Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri akamtuma mtu wake huko kwenda kujifunza. Kisha mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama cha Ikhwani Safaa. Wote hao walikuwa wanaume, na lugha ya kuimbia ilikuwa Kiarabu, ambacho wasikilizaji wengi walikipenda bila kukielewa. (Usicheke, na wewe una nyimbo za Kikorea kwenye simu.)

Ali Muhsin, mwanamuziki wa mjini, ndiye aliyeisikia sauti ya Siti akaona kuna kitu. Alimfundisha kuimba na kuzifuata ala. Siti hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila kitu alikihifadhi kichwani, zikiwemo nyimbo za Kiarabu. Pembeni yake wakakusanyika wenzake: Subeit bin Ambar kwenye udi, Mbaruk aliyekuwa kipofu akapiga fidla, Buda bin Mwendo, na Maalim Shaaban. Makao yao yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikoishi wafanyakazi, wachukuzi na watu waliotoka utumwani jana yake. Huko ndiko alikofanya jambo ambalo leo tunalichukulia la kawaida: aliimba taarabu kwa Kiswahili. Kikundi kile kile kiliitwa kwenye majumba ya wakubwa na mbele ya Sultani, kisha usiku mwingine kikarudi Ng'ambo kuimba habari za mtaa. Wimbo wao mmoja uliovuma unamsema mtu aitwaye Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni, akavuka bara na kutoweka, huku mkono wa sheria ukiwaangukia wanawake waliokuwepo. Kesi ile ingeishia kwenye jalada la mahakama, lakini Siti akaiweka kwenye wimbo, na wimbo hauna mhuri wa kufungwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Siti hakuhesabiwa kuwa mzuri wa sura, na watu hawakumficha. Walimtungia wimbo wa kumsuta, kwamba huyu naye amekuwa mtu tangu lini, ametoka shamba na kaniki zake. Alipopanda kuimba mbele ya watu alijitanda na kufunika uso. Akawajibu kwa wimbo pia, kwamba uzuri wa sura na utukufu wa ukoo si hoja. Alichojaliwa kilikuwa kooni, akawaachia wao kazi ya kuamua kama wamekuja kutazama au kusikiliza.

Mwaka 1928 akapanda meli na kikundi chake kwenda Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe. Anatajwa kuwa mwimbaji wa kwanza wa kike wa Afrika Mashariki kutiwa kwenye santuri. Bahati yake ni mwaka. Kabla ya 1925 mwimbaji alisimama mbele ya pembe akapaza sauti, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyoisukuma sindano ikachora nta. Sauti nzito na sauti nyembamba nyingi zilipotea njiani. Kuanzia 1925 kampuni kubwa, ikiwemo hiyo, zikahamia kwenye maikrofoni na umeme, na mwimbaji akasikika kama mtu aliye chumbani. Siti aliyefunza sauti yake kwa kunadi vyungu angeweza hata na pembe, sina shaka. Lakini fidla ya Mbaruk na udi wa Subeit vilihitaji ile maikrofoni.

Santuri zile ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika muda mfupi, wakati watu wengi hawakuwa hata na gramafoni. Mwenye nayo alikuwa na mkahawa, na mkahawa ulijaa. Upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo wimbo wa taarabu uliozoea kunyooshwa usiku kucha ulikatwa ukaingia kwenye dakika tatu. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipowakuta babu zetu wa ubishi wa waya. Gramafoni ilikula sindano za chuma, zilizouzwa kwenye vikopo vidogo vya bati, na ilitakiwa kubadilisha sindano kila upande wa sahani. Kulikuwa na sindano za sauti kubwa, za kati na za chini, na kulikuwa na za mwanzi kwa wale waliodai kwamba chuma kinakwaruza. Sahani ni ile ile, kijiti cha kuigusia tu ndicho kimebadilika. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walikuwa na hoja. Sindano ndiyo iliyosoma mfereji, na sindano nene ilitetemesha zaidi, kwa hiyo sauti ilibadilika kweli, na sahani nayo ikalika kweli.

Waya je? Usiku wa tatu Fukayosi nikamwita binamu yangu, anayesoma umeme chuo kingine na asiyeamini lolote. Kazi yake ilikuwa kubadilisha waya, yangu kujifunika khanga ya bibi usoni na kutaja ni upi. Raundi ya kwanza nilipata kumi kwa kumi. Nilitamani kupiga simu hosteli usiku ule ule. Binamu akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimegundua kwamba waya wangu mpya una plagi nene, ile ya kuchomeka kwenye tundu la pili la kidude changu cha kuunganishia simu. Tundu lile linatoa nguvu zaidi, na sikio la binadamu likipewa sauti kubwa kidogo huiita safi. Hukusikia fedha, akasema, umesikia kelele. Tukashusha sauti mpaka zikalingana, kwa kadiri tulivyoweza kupima kwa programu ya simu. Raundi ya pili nikapata sita kwa kumi, ambayo ukirusha shilingi unaweza kuipata bila hedifoni.

Alinieleza sababu, na sababu ni fupi. Fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia kama sita. Waya wenyewe ni mita moja na kidogo. Ukinzani wake ni sehemu ndogo ya omu moja, na hedifoni za kawaida zina omu 16 au 32, kwa hiyo tofauti inayobaki haifiki hata nusu desibeli. Kwa haki lazima niseme kwamba zipo hedifoni zenye spika kadhaa ndani, ambazo ukinzani wake unapanda na kushuka kulingana na sauti. Hizo, ukiziwekea waya mwembamba mbovu, zinaweza kubadilika ladha kidogo. Zangu si hizo. Kilicholeta tofauti kubwa kuliko waya wowote ni kile kimpira cha sikioni: kikikaa vibaya besi yote inakimbia, na kila binamu alipobadilisha waya nilikuwa nakikalisha tofauti. Wiki zote zile hosteli nilikuwa nalinganisha vimpira.

Raundi ya tatu bibi akataka ajaribiwe yeye. Hakujua waya ni nini, alichotaka ni wimbo uendelee. Alijifunika, akasikiliza, akasema yote ni yule yule Mzigua wake.

Nililala nikiwaza juu ya wale wa Unguja. Waliomsuta Siti walikuwa na masikio mazima, ila walianza na macho: shamba, kaniki, sura. Nami nilianza na msuko wa waya na plagi ya dhahabu. Santuri ilimfanyia Siti kazi ambayo khanga ya bibi ilinifanyia mimi. Mtu wa Lamu au Dar aliyekaa mkahawani hakuona sura wala kaniki. Aliona pembe na sahani nyeusi inayozunguka. Wala hakupungukiwa na kitu.

Siti aliendelea kuimba na kufundisha. Bi Kidude, ambaye wengi wenu mmemwona kwenye video kabla hajafariki mwaka 2013, alijifunza mengi kwa kumfuata. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, kitabu ambacho maktaba yetu inacho, kama hakijaazimwa na mimi. Waandishi wa habari wanawake wa TAMWA walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 8 Julai 1950, Zanzibar. Santuri zake zilinyamaza mikahawani, zikakusanya vumbi, kisha watu wakaja kuzihamishia kwenye mitambo ya kisasa, na mikwaruzo yake yote. Mikwaruzo hiyo inasikika kama mafuta ya kukaangia mihogo, kwa waya wowote.

Bibi aliniagiza nimwekee nyimbo zile kwenye simu yake ya batani yenye kadi ya kumbukumbu. Nikaziweka. Anazisikiliza kwa spika ya simu, ameiegemeza kwenye sufuria ili sauti ikue.

Insha nilipeleka, imerudi na alama ambazo si za kutangaza. Waya nauuza. Sauti yake ni sawa na ule wa bure, nimeshawaambia, lakini haujikunji mfukoni, na hilo nimelithibitisha bila khanga. Elfu sabini, tunaongea.