Mgeni njoo, mwenyeji apone

Vita vikiisha watu huimba barabarani. Askari hupigiwa makofi, wachache huvishwa nishani, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo vita vingine huanza nyumbani kwa askari. Kazi hana, usingizi haumjii, watoto hawamzoei, na mkewe hajui aanzie wapi. Wazee wetu wa KAR waliorudi kutoka Burma walilijua jambo hilo. Leo tumtazame mtu aliyetaka kuwasaidia watu wa namna hiyo akashindwa, na katika kushindwa huko Mungu akampa kazi ya maisha yake yote.

Leonard Cheshire alizaliwa mwaka 1917 huko Chester, Uingereza. Baba yake alikuwa msomi wa sheria wa Oxford, naye akasomea sheria huko huko. Vita Kuu ya Pili ilipoanza akawa rubani wa ndege za mabomu. Wenzake wengi walikufa kabla ya kumaliza safari 30. Yeye alifikisha 100. Mwaka 1944 alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake. Agosti 9, 1945, akiwa mtazamaji aliyetumwa na serikali yake, aliliona kutoka angani wingu la bomu la atomiki likipanda juu ya Nagasaki. Alikuwa na miaka 27.

Mwaka 1946 aliacha jeshi, afya yake ikiwa imetetereka. Aliwaona askari wenzake wakihangaika uraiani, akaandika gazetini akiwaalika waje pamoja na familia zao waishi kama jumuiya, walime, wafanye kazi na kusaidiana. Jumuiya aliipa jina la Kilatini, Vade in Pacem, yaani nenda kwa amani. Walianzia Gumley Hall, kisha wakapata Le Court, jumba kubwa la ndugu yake huko Hampshire.

Nia ilikuwa njema, lakini hesabu hazikukaa sawa. Madeni yaliongezeka. Cheshire mwenyewe aliugua, akaenda Kanada kupumzika, na aliporudi alikuta mambo yameharibika. Jumuiya ikavunjika. Shujaa wa taifa akabaki na jumba tupu na watu wanaomdai.

Mwaka 1948 ikaja habari kutoka hospitali. Arthur Dykes, mmoja wa watu waliowahi kuishi katika jumuiya ile, alikuwa na saratani. Madaktari hawakuwa na la kufanya tena, na kitanda kilihitajika kwa wagonjwa wengine. Cheshire alizunguka kumtafutia mahali pa kulazwa, akakosa. Mwisho akamchukua akampeleka Le Court.

Hakuwa na muuguzi wala mpishi, wala hakuwa amewahi kuuguza mtu. Alijifunza kumwosha, kumgeuza, kubadilisha mashuka na kumwaga choo chake. Usiku alilala karibu ili asikie akiitwa. Mkono ulioongoza kikosi cha ndege sasa ulishika kijiko cha uji. Arthur alikuwa Mkatoliki, na katika miezi ile wawili hao walizungumza mengi juu ya Mungu. Agosti mwaka huo Arthur akafariki. Mkesha wa Krismasi, Cheshire akapokelewa katika Kanisa Katoliki.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Arthur hakupona saratani, lakini mwenyeji wake alipata uzima.

Habari zikaenea na wagonjwa wengine wakaletwa. Mwenye nguvu kidogo alimsaidia asiye nazo. Mwaka 1952 Cheshire akapata kifua kikuu, akalazwa zaidi ya miaka miwili, lakini nyumba ziliendelea kuongezeka. Zikafika India, na baadaye Kenya pia. Mwaka 1959 alimwoa Sue Ryder, mwanamke aliyekuwa akiwahudumia walioumizwa na vita huko Ulaya. Alifariki Julai 31, 1992, kwa ugonjwa wa neva uliomaliza nguvu za misuli yake. Aliyewahudumia wengine akamaliza safari akihudumiwa.

Ndugu yangu, usidhani kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa baya. Askari mstaafu na familia yake wanahitaji msaada, na wanaotaka kuanzisha mfuko au chama cha kuwasaidia wafanye hivyo. Waweke hesabu wazi, maana hata Msamaria mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10, alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha na akaahidi kulipa zitakazozidi. Upendo usio na hesabu huishia kwenye madeni.

Lakini tuangalie alichofanya Msamaria yule kabla ya kutoa fedha. Alisogea karibu, akafunga majeraha, akampandisha mtu yule kwenye mnyama wake. Kazi ya Cheshire haikusimama mpaka alipopata mtu mmoja wa kumgusa kwa mikono yake.

Mtaani kwako yupo mzee aliyewahi kuvaa gwanda, ambaye siku hizi anakaa barazani peke yake. Yupo mjane ambaye mumewe alikwenda kulinda amani asirudi. Siku ya mazishi tulijaa uani, tukala, tukaondoka. Ada ya shule ya watoto wake nani anaiuliza? Baada ya ibada ya leo, mpitie umsalimu. Kaa naye, msikilize, na kama kuna maji ya kuteka, teka.

Ee Bwana, utupe macho ya kumwona huyo mmoja, na utuondolee aibu ya kuanza na kidogo. Amina.

Jumapili njema.