Kennedy na mgongo uliokataa kupona

Julai 1963, Rais wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere, alipokaribishwa Ikulu ya Marekani, mwenyeji wake alikuwa bwana wa miaka 46, mwenye nywele nyingi, tabasamu la haraka na rangi ya mtu aliyetoka pwani. Afrika Mashariki ilikuwa inamfahamu tangu 1960, Tom Mboya alipomfuata nyumbani kwake na mfuko wa familia yake ukatoa dola 100,000 za kuwasafirisha kwa ndege wanafunzi wetu kwenda kusoma Marekani. Ambacho wageni wake wengi hawakukijua ni kwamba John Fitzgerald Kennedy alikuwa na kawaida ya kufunga mkanda mgumu wa mgongo chini ya shati, na kwamba kwa miaka mingi hata kuvaa soksi ilikuwa kazi kwake.

Ndugu zetu tunaobeba boksi huku ughaibuni, au kuwainua wazee vitandani usiku kucha, tunaujua mgongo. Tunawajua pia wenzetu waliopasuliwa uti wa mgongo wakidhani watatoka hospitali wazima, halafu mwaka ukapita na maumivu yako pale pale. Kwa hiyo habari za Kennedy si za kigeni kwetu kama zinavyoonekana, ingawa yeye alizaliwa tajiri, Mei 29, 1917, karibu na Boston.

Mgongo ulianza kumsumbua akiwa mwanafunzi wa Harvard. Jeshi la nchi kavu lilimkataa kwa sababu hiyo, lakini baba yake akamtafutia njia ya kuingia jeshi la majini. Usiku wa Agosti 2, 1943, katika visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani iliikata vipande viwili boti aliyokuwa akiiongoza, PT-109. Wawili kati ya mabaharia 13 walikufa. Kennedy aliogelea kwa saa kadhaa akimvuta mwenzake aliyeungua, mkanda wa jaketi la mwenzake ameubana kwa meno. Mwaka uliofuata alipasuliwa mgongo Boston kwa mara ya kwanza. Maumivu hayakuondoka.

Alichaguliwa Bunge la Wawakilishi 1946 na Seneti 1952. Mwaka 1954 alikuwa anatembea kwa magongo. Madaktari wengine walisita kumpasua tena, kwani alikuwa na ugonjwa wa Addison, ambapo tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutoa homoni za kutosha, na mgonjwa wa namna hiyo anaweza kufa kwa upasuaji wenyewe au kwa maambukizi yanayofuata. Inaelezwa kwamba aliona afadhali kifo kuliko magongo ya maisha. Oktoba 21, 1954, jijini New York, alifanyiwa upasuaji uliochukua zaidi ya saa tatu. Pingili za chini ziliunganishwa na kushikiliwa kwa bamba la chuma.

Siku chache baadaye maambukizi yalimpoteza fahamu. Padri aliitwa kumpa sakramenti ya mwisho. Akaamka. Alipelekwa nyumbani kwa baba yake Palm Beach, Florida, na hapo ndipo ilipoanza sehemu ambayo waandishi wengi huiruka, yaani kulala. Kidonda kilikataa kufunga na kilikuwa kinatoa usaha. Mkewe, Jacqueline, alijifunza kukisafisha na kubadilisha bendeji kwa mikono yake. Mgonjwa alikonda na usingizi ulikuwa wa shida. Februari 1955 alirudishwa New York, akapasuliwa tena, na lile bamba likatolewa.

Alipitishaje miezi hiyo? Kwa kazi. Aliwekewa ubao kitandani, akaandika akiwa amelala chali, vitabu vikiletwa kutoka Maktaba ya Bunge. Kitabu chake kuhusu maseneta waliosimamia msimamo wao kilitoka 1956 na kupata tuzo ya Pulitzer 1957. Ni kweli msaidizi wake Ted Sorensen alikifanyia kazi kubwa, na ubishi huo haujaisha. Kwa maoni yangu, kwa habari hii haijalishi sana nani aliandika ukurasa gani. Mtu ambaye hawezi kugeuka kitandani alijipatia kitu cha kumfanya aisubiri kesho.

Mei 1955 alirudi Seneti kwa miguu yake, akitabasamu. Watu wakaamini amepona. Mwezi huo huo alianza kutibiwa na Dakta Janet Travell, ambaye aligundua mguu mmoja ni mfupi kidogo kuliko mwingine, akamwinulia kisigino cha kiatu, akamshauri kutumia kiti cha kubembea, na akawa anamchoma sindano za ganzi kwenye misuli. Sindano zilisaidia kwa saa chache. Ndiyo hatari yake.

Mei 1961, akiwa Rais, alijitonesha mgongo akipanda mti Ottawa, Canada, akarudia magongo. Sasa akawa anachomwa sindano mara kadhaa kwa siku, na pembeni akamkaribisha Dakta Max Jacobson, aliyekuwa akiwachoma wakubwa dawa za kusisimua mwili na ambaye alinyang'anywa leseni 1975. Madaktari wengine wa Ikulu waliona mwisho wake utakuwa mbaya. Walimleta Hans Kraus, mpanda milima mzaliwa wa Austria, ambaye aliona misuli ya Rais imedhoofika kabisa. Dawa yake ilikuwa mazoezi, mara tatu kwa wiki, polepole, bila kuruka siku. Baada ya miezi kadhaa Kennedy alikuwa ananyanyua na kuinama kuliko alivyoweza kwa miaka, na sindano zikapungua.

Wapiga kura hawakuambiwa ukweli wote. Mwaka 1955 jarida la madaktari lilieleza upasuaji wa mgonjwa wa Addison mwenye miaka 37 bila kumtaja jina. Mwanahistoria Robert Dallek alifunguliwa mafaili yenyewe 2002. Natoka nchi ambayo kuandika kwamba mkubwa anaumwa ni kutafuta jela, kwa hiyo sishangai, ila sisifu.

Novemba 22, 1963, alikwenda Dallas amefunga ule mkanda, ukiwa umeongezewa bendeji ndefu kiunoni na mapajani. Risasi ilimpata mgongoni juu na kutokea kooni, na wako madaktari walioandika kwamba mkanda ndio uliomzuia kuinama kabla ya ile iliyompata kichwani. Wengine wanapinga. Wauguzi wa Hospitali ya Parkland walimvua mkanda huo, na umehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani.