Philipp Melanchthon, Mwalimu wa Msingi

Jina la Philipp Melanchthon si geni kwa wasomaji wetu. Wanamjua kuwa ndiye aliyeliandika Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari mwaka wa 1530, tena kuwa alikuwa rafiki wa Luther. Lakini katika miaka karibu 42 ya utumishi wake Wittenberg, siku nyingi zilipita katika kazi isiyo na sifa kubwa: kuwafundisha vijana sarufi, mantiki na falsafa, kabla hawajaruhusiwa kuisogelea elimu ya juu. Twapenda kuisimulia kazi hiyo, kwa maana ilikuwa karibu kupotea kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioidharau kwanza.

Alizaliwa katika mji mdogo wa Bretten, kusini ya Ujerumani, tarehe 16 Februari 1497. Baba yake, Georg Schwartzerdt, alikuwa fundi wa silaha, akafa mwaka wa 1508, mtoto akiwa na miaka 11. Basi Philipp akapelekwa Pforzheim kwa jamaa zake, akajuana na Johannes Reuchlin, mjuzi mkubwa wa Kiyunani na Kiebrania. Huyo ndiye aliyemgeuzia jina la ukoo, ambalo maana yake ni ardhi nyeusi, akalitia katika Kiyunani: Melanchthon. Alipokuwa na miaka 12 aliingia chuo kikuu cha Heidelberg. Alipotaka kupewa cheo cha magista, wakamnyima kwa kuwa ni mtoto bado. Akahamia Tübingen, akakipata huko mwaka wa 1514.

Mwezi wa Agosti 1518 aliitwa Wittenberg kufundisha Kiyunani. Alikuwa na miaka 21, mfupi, mwembamba, na sauti yake haikuwa na nguvu. Siku chache baada ya kufika alisimama mbele ya walimu wote akatoa hotuba juu ya kuyatengeneza masomo ya vijana, akawaonyesha jinsi elimu ilivyoharibika kwa sababu watu waliacha kuwasoma waandishi wa kale katika lugha zao wenyewe. Luther alipendezwa mno, na tangu siku ile walikuwa wenzi katika kazi.

Hapa yafaa tueleze taratibu za chuo kikuu cha siku zile. Kijana hakuanza na theologia, wala sheria, wala uganga. Alianza katika sehemu ya chini, akafundishwa sarufi, mantiki (maana yake njia ya kufikiri na kuthibitisha neno), ustadi wa kusema, hesabu, mwendo wa nyota, habari za viumbe, na habari za mwenendo mwema. Alipokwisha kupata umagista, ndipo aliweza kupanda na kutafuta udaktari katika sehemu moja ya zile tatu za juu. Daktari hapa si mganga tu, bali ni mwalimu mkuu aliyepewa ruhusa ya kufundisha wengine mbele ya watu wote.

Luther alikuwa na neno juu ya masomo hayo. Aliona jinsi Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alivyotawala katika shule, hata watu wakapima neema ya Mungu kwa kipimo chake. Mwaka wa 1520 alitaka vitabu vingi vya Aristotle viondolewe, vibaki tu vile vya mantiki, vya ustadi wa kusema na vya utungaji. Melanchthon akamfuata. Katika kitabu chake cha theologia cha mwaka wa 1521, alichokiandika akiwa na miaka 24, aliisema falsafa kwa ukali kama afanyavyo kijana.

Hata mwisho wa mwaka ule ule, Luther akiwa amefichwa Wartburg, wakaja Wittenberg watu watatu kutoka Zwickau. Wawili walikuwa wafumaji wa nguo; wa tatu, Markus Stübner, amewahi kuwa mwanafunzi hapo. Walinena kwamba Mungu husema nao ndani ya moyo, wala hawana haja ya kusoma. Melanchthon hakujua la kuwajibu. Aliona wana maneno ya kutisha, lakini hakuweza kuyapima, akaandika kwa mtawala wa Sachsen kutaka Luther arudi. Shule ya wavulana ya mji ikafungwa, na wanafunzi wengine wakaenda zao kwao. Karlstadt, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa theologia, alitangaza mwaka wa 1523 kwamba hatampa mtu cheo tena, kwa kuwa Bwana alikataza watu kuitwa waalimu. Na hivyo waliozivunja ngazi walikuwa watu waliokwisha kuzipanda.

Sisi twaona ya kuwa wakati huo ndipo Melanchthon alipogeuka. Alipochaguliwa kuwa mkuu wa chuo katika majira ya baridi ya 1523, aliagiza kila mwanafunzi awe chini ya mwalimu wa kumwongoza masomo yake, tena vijana wazoezwe kutoa hotuba. Nyumbani mwake alikuwa na shule ndogo, akiwakalisha wavulana na kuwafundisha Kilatini ili waweze kuingia chuoni. Aliiendesha kama miaka kumi.

Luther hakupendezwa na hayo yote. Aliona kuwa mtu wa kipawa kama hiki anapoteza nguvu kwa kufundisha sarufi, angetumika vizuri zaidi kufasiri Maandiko. Melanchthon alitaka kuachwa na kazi yake ya chini, kwa kuwa wa kuifanya walikuwa haba. Mwaka wa 1526 mshahara wake ukaongezwa hata gulden 200 kwa mwaka ili afundishe theologia pia, naye akasita kuupokea, akiogopa kulipwa kwa kazi asiyoweza kuitimiza. Mwisho akaachiwa uhuru wa kufundisha kama aonavyo, akaendelea na zote mbili.

Mwalimu wa Kikristo aweza kuuliza: je, Paulo hakuonya juu ya falsafa katika Wakolosai 2:8? Melanchthon alikutana na neno hilo, maana mwaka wa 1527 alitoa kitabu cha kuufasiri waraka huo. Alifundisha kwamba akili ya mwanadamu yaweza kujua hesabu, viumbe, na matengenezo ya mji, na hayo ni vipawa vya Mungu. Bali haiwezi kujua kama Mungu amsamehe mwenye dhambi. Anayeitumia falsafa kulijibu swali hilo amedanganyika. Lakini anayeikataa hata katika mambo yake, naye hupotea kwa njia nyingine, kwa sababu hawezi kutenga neno na neno.

Jinsi ya kutenga aliwaonyesha wazi katika vitabu vyake vya mantiki, ambavyo cha mwisho, cha mwaka wa 1547, kiliandikwa kwa maswali na majibu kama katekisimo. Ukishika neno lo lote, tuseme toba, usianze kubishana. Uliza kwanza jina hili maana yake nini. Kisha kama jambo lenyewe lipo. Kisha ni kitu gani. Lina sehemu gani, na aina gani. Limetoka wapi, na latenda nini. Linaambatana na nini, linafanana na nini, na linapingana na nini. Maswali kumi, kwa taratibu. Twadhani Melanchthon angalikuwa nayo midomoni siku ile walipokuja watu wa Zwickau, asingalitetemeka vile.

Kwa miaka kadha hakuna aliyepewa udaktari wa theologia Wittenberg. Mwaka wa 1533 Melanchthon aliiandikia sehemu ya theologia sheria mpya, na mafundisho yakawekwa juu ya Ungamo la Augsburg. Mwezi wa Juni mwaka ule, mtawala Johann Friedrich akihudhuria, Johannes Bugenhagen, Caspar Cruciger na Johannes Aepinus walijibu mashindano mbele ya watu wote, wakavikwa cheo. Mwaka wa 1536 Melanchthon alitoa hotuba juu ya falsafa. Alisema waziwazi kwamba theologia isiyo na elimu ni chanzo cha mabaya mengi, kwa kuwa mtu asiyezoezwa huchanganya mambo, hueleza yaliyo wazi na kuyapita yaliyo na shida. Wala kuonja mantiki kidogo hakutoshi: alitaka pia masomo ya viumbe na ya mwenendo, naye akayaandikia vitabu. Cha mwenendo kilitoka 1538. Cha roho ya mwanadamu, chenye habari za mifupa na mishipa ya damu, 1540. Cha viumbe, 1549.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya uchungu. Luther alikufa 1546, vita vikatawanya chuo mwaka ule ule, na ndugu zake wengi wakamlaumu kwa kulegea mno mbele ya Kaisari. Habari hizo ni ndefu, hatuziingii hapa. Chuo kilipofunguliwa tena alirudi darasani, akafundisha hata siku za ugonjwa wake wa mwisho. Alikufa Wittenberg tarehe 19 Aprili 1560, akiwa na miaka 63, akazikwa katika Kanisa la Ngome, karibu na Luther.

Katika theologia alikuwa na cheo kimoja tu, kile cha chini kabisa, alichokipata Septemba 1519. Udaktari hakuutafuta. Wale aliowafanyia njia walikaa katika viti vya madaktari, naye aliitwa Magista Philipp mpaka siku ya kufa kwake.